Sura ya Sita: Mtaa Usiopata Jua

"Hapo! Simamisha hapo!"

Sajenti mstaafu Enid Rigby alibonyeza rimoti, lakini mashine ya video ya Bi Hilda Crompton ilikuwa na tabia za mwenyewe: ikiambiwa isimame, kwanza inafikiri. Ilipokubali, msichana aliyekuwa kwenye kioo alishatoka nusu. Ulibaki mkono, mkoba na upande mmoja wa koti.

"Umechelewa," alisema Bi Hilda. "Na wewe ndiye uliyekuwa polisi wetu. Haishangazi wezi wa Hagshaw walinenepa."

"Mashine yako imechelewa, Bi Hilda. Ngoja niirudishe."

Akairudisha. Mtaa wa nyumba za matofali ukajitokeza tena, theluji imelala juu ya vizingiti vya madirisha, watoto wa kwaya wamejipanga kama chupa za maziwa. Bwana mwenye kofia alikuwa akipita na bata mzinga mkubwa kwapani. Nyuma ya bwana huyo, kwa muda usiotosha kupiga chafya, akapita msichana mwenye koti jeupe lenye kola ya manyoya. Aligeuza uso, akaitazama kamera sawasawa, kisha akaishia kwenye kona, nje ya picha.

Safari hii Enid alimnasa usoni.

"Doreen," alisema Bi Hilda, kwa sauti ya mtu anayeitwa kuthibitisha jina mbele ya karani.

Filamu yenyewe iliitwa *Mgeni wa Mkesha*. Ilikuwa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliyotoka kwenye majumba ya sinema Februari ya mwaka 1963, na televisheni ilikuwa imeirusha mchana mmoja wa Krismasi hii iliyopita, saa ambazo watu wengi wamelala na shibe. Bi Hilda hakuwa amelala. Alikuwa anamenya viazi mbele ya televisheni, mashine ya video ikirekodi, na binti yake akampita.

Doreen Crompton alitoka nyumbani kwao Hagshaw kwenda kutazama fataki, usiku wa mioto wa Novemba tano, ambao Waingereza huusherehekea kila mwaka, mwaka 1962, akiwa na miaka kumi na tisa. Hakurudi. Polisi walikuta kiatu chake kimoja ukingoni mwa mfereji, na mkoba wake ukielea. Mlinzi wa mfereji alisikia ukelele, akadhani ni watoto na baruti zao. Maji yakasakwa, mwili haukupatikana. Basi Bi Hilda hakuzika, hakuvaa nguo za msiba, wala hakukubali jina la Doreen liandikwe kwenye jiwe la kaburi la baba yake, ingawa nafasi iliachwa.

"Sasa nisikilize," alisema Bi Hilda, akiinua vidole. "Theluji, unaiona. Taa za Krismasi dukani, unaziona. Na koti. Koti lile sikumnunulia mimi, na katika nyumba hii hakuna aliyevaa hata soksi ambayo haikupita mkononi mwangu. Kwa hiyo alilipata baada ya kuondoka. Krismasi ya mwaka ule mwanangu alikuwa mzima, anatembea, na amependeza."

"Na unataka nikufanyie nini?"

"Nitafutie mtaa. Mtu hapiti mtaa bila sababu. Alikuwa na chumba hapo karibu, au kazi. Yupo mtu anayemkumbuka. Labda aliolewa, labda ana watoto wenye pua hii yangu, maskini."

"Na Frank anasemaje?"

Frank alikuwa mwanawe wa kiume, mwalimu huko Leeds.

"Frank anasema nihamie kwake. Ameniwekea chumba, kina hadi choo chake. Mwaka wa ngapi huu ananibembeleza." Bi Hilda aliipapasa mikono ya kiti chake kama mtu anayejihakikishia kipo. "Nikihama, akija atanikuta wapi? Nitafutie mtaa, Enid. Ukiniambia alipita pale Krismasi, nitakaa hapa mpaka nife. Ukiniambia vinginevyo, nitajua la kufanya."

Ndivyo Enid alivyopata kazi ile, na malipo yake yalikuwa pai ya nyama na matusi madogo madogo.

Kwenye kisiwa kile cha Uingereza kuna watu wanaolala porini wakisubiri ndege wa aina fulani atue, na wengine wanaosimama stesheni kunakili namba za treni. Halafu wako kina Enid, ambao Jumamosi huchukua chupa ya chai na picha iliyotolewa kwenye filamu, wakaenda kutafuta ukuta ambao mwigizaji fulani aliuegemea zamani. Wakiupata wanafurahi, wanapiga picha, wanakula mkate wao garini. Ukimwuliza mkewe mtu wa namna hiyo atakwambia, angalau hanywi.

Enid aliingia kwenye mchezo huo alipostaafu, na kanuni yake ilikuwa moja: usiamini kitu kilicho chini ya mabango ya maduka. Watu wa sinema hubadili jina la duka, hupaka rangi mlango, huleta hata sanduku la posta la kuazima. Lakini hubadili mpaka pale ngazi yao inapofika. Juu ya hapo uvivu huanza, na mji husema kweli.

Kwa hiyo alipuuza maduka na taa za Krismasi. Akatazama juu. Kulikuwa na kanisa lenye dirisha la duara kama jicho. Nyuma yake zilisimama dohani mbili za viwanda vya pamba, moja yenye pete karibu na mdomo, nyingine imetuna kiunoni. Na mtaa uliteremka kuelekea kushoto.

Alimpigia simu Trevor Entwistle, mwenyekiti wa chama chao, mtu ambaye hujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Stainbeck," alisema Trevor. "Kila mtu anajua."

"Nani kila mtu?"

"Mimi. Nimeliandika miaka mingi iliyopita na hakuna aliyenipinga."

"Hakuna aliyesoma, Trevor."

Hata hivyo alikwenda Stainbeck, kwa sababu kazi ni kazi. Kanisa lilikuwepo, na dirisha la duara pia. Lakini mtaa uliteremka kulia, na ukitaka kuona dohani ilibidi umpe mgongo mchungaji na kanisa lake. Enid akakata jina la Stainbeck, akafuata bonde mji kwa mji, siku mbili za matope na manyunyu ya mvua, hadi alipofika Ravenclough, mwendo mfupi kwa gari kutoka Hagshaw kwenyewe.

Mtaa uliitwa Bethel. Kanisa sasa lilikuwa duka la mazulia, lakini jicho lake lilibaki juu pale pale. Enid aliinua picha, akapiga hatua nyuma, akapiga nyingine, mpaka ukingo wa paa halisi ulipokaa juu ya ukingo wa paa la kwenye karatasi. Mtaa uliteremka kushoto. Nguzo ya taa ilikuwa mahali pake. Alisimama pale kamera iliposimama.

Mlangoni mwa duka la samaki na chipsi mwanamke mnene mwenye aproni alikuwa akimtazama.

"Umepotea, kipenzi?"

"Nimefika. Zile dohani mbili zilikuwa wapi?"

Mwanamke, aliyejitaja kuwa Marlene, aliichukua picha kwa vidole vya mafuta. "Ee, tazama! Ile yenye pete ni kiwanda cha Albion, bibi yangu aliacha kidole mle. Waliziangusha zote mbili nikiwa na mimba ya Darren." Akaisogeza picha machoni. "Lakini hii picha ya ajabu. Hazitoi moshi."

"Hazitoi," alisema Enid. Alikuwa ameliona hilo mapema, akamwachia mtu mwingine aliseme.

"Basi ni wiki ya likizo. Agosti. Viwanda vyote vya hapa na Hagshaw vilifungwa wiki moja, watu wote Blackpool ufukweni, hadi mbwa. Ungeweza kutembea uchi mtaa huu."

"Au ni siku ya Krismasi. Krismasi pia vilifungwa."

Marlene akafikiri. "Au Krismasi, kweli. Na theluji hii hapa."

Enid aliandika moyoni alama moja upande wa Bi Hilda. Kama wapigapicha walikuja Krismasi yenyewe, viwanda kimya, mji umelala na soseji zake, hesabu ya mama ilikuwa inakaa. Akauliza tena, zaidi kwa mazoea ya kazi kuliko kwa kutaka kujua.

"Mbona hapa kuna baridi kuliko kule juu?"

"Si jua halifiki, kipenzi. Hili kanisa na hizi nyumba zimetukalia. Kuanzia Novemba mpaka wakati wa chapati za kabla ya Kwaresima hatulioni. Barafu ikishika hapa njiani inazeeka nasi. Mume wangu alivunjika nyonga hapo uliposimama."

Ilikuwa saa sita mchana, Januari, na mbingu ilikuwa safi. Jua lilipaka ncha za dohani ndogo za nyumba za upande wa pili, na halikuteremka zaidi. Mtaa mzima ulikuwa kwenye kivuli kama uvungu wa kitanda.

Enid akaitazama picha. Jua lilikuwa limemwagika kando nzima ya barabara. Liling'aa juu ya theluji. Miguuni mwa msichana mwenye koti jeupe kulikuwa na kivuli kifupi, kinene, kilichojikusanya karibu na viatu vyake kama paka.

Aliutazama mtaa. Akaitazama picha tena.

"Nipe chipsi," alimwambia Marlene.

"Na samaki?"

"Chipsi tu."

Akazila zote akiwa amesimama pale baridini, bila haraka, kama mtu ambaye hapendi kufika anakokwenda. Filamu ilitoka Februari 1963. Jua la namna ile lisingeweza kuingia mtaa ule baada ya Novemba tano. Lakini mashahidi wake wote mpaka sasa walikuwa paa na kivuli, na huwezi kumpelekea mama kivuli.

"Huyu unamjua?" Alimwonyesha Marlene mtu mwingine kwenye picha, kijana mwenye fagio la theluji nyuma ya watoto wa kwaya.

Marlene akacheka mpaka aproni ikatikisika. "Si Stan Kershaw huyu! Ana nywele! Nenda klabu ya wafanyakazi, meza ya domino. Lakini ukimgusia filamu utakoma."

Stan Kershaw alikuwa mzee mwembamba mwenye masikio makubwa, na hakuhitaji kuguswa. Enid alipoweka tu picha juu ya meza, wenzake wawili waliokuwa wakicheza naye walivuta viti nyuma kwa pamoja.

"Mungu wangu, anaanza," alisema mmoja.

"Baridi ile, dada," alianza Stan, "huwezi kuielewa. Pumzi yako inaanguka chini unaiokota. Mwongozaji aliniambia, Stan, wewe ndiye mwanamume peke yako hapa. Nilifagia theluji ile mpaka vidole—"

"Krismasi?"

"Ee, Krismasi yenyewe! Niliacha bata mezani."

"Hapa kwenye picha unafanya nini na mkono?"

Stan akainama. Kijana wa kwenye picha alikuwa ameegemeza fagio begani, mkono wa koti uko kwenye paji la uso.

"Najifuta."

"Unajifuta nini?"

"Theluji."

"Theluji imekuangukia usoni tu, nywele zikabaki kavu?"

Mmoja wa wacheza domino alitoa mlio kama birika. Stan akamtazama kwa chuki.

"Mzee Stan," alisema Enid, "nilifanya kazi ya polisi miaka mingi, nimedanganywa na waongo hodari kuliko wewe. Hilo ni jasho."

Mzee akaweka domino zake kifudifudi.

"Haya. Ilikuwa Agosti." Akawageukia wenzake. "Na nyinyi mnyamaze, hadithi hiyo imewapeni bia nyingi."

"Ulitupa wewe bia? Sisi ndio tuliokununulia!"

"Mji mtupu," Stan alimwambia Enid, sasa kwa sauti nyingine. "Wiki ya likizo. Ndiyo maana walikuja, hakuna magari, hakuna moshi, hakuna mtu wa kupita mbele ya kamera na ndoo. Walitafuta vijana waliobaki nyuma. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimekosana na mke wangu. Theluji ilikuwa chumvi na povu. Makoti walitoa kwenye lori lao, jioni wanayakusanya, wanayahesabu kama mayai. Jua linawaka, sisi tumevaa manyoya. Watoto wa kwaya wawili walizimia."

"Na huyu?" Enid alisogeza kidole mpaka kwenye koti jeupe.

Uso wa Stan ukafunguka. "Yule! Msichana wa Hagshaw. Alitumaliza kwa kicheko. Aliwaambia nyumbani anaumwa jino ili wamwache asiende Blackpool. Akapanda basi akaja huku. Wakampa kazi ya kupita: unatoka pale, unakwenda kwenye kona, basi. Hata mbuzi angeweza. Yeye kila akipita, anaitazama kamera! Mwongozaji anapiga kelele, rudini mwanzo! Wanamwaga chumvi upya. Anapita tena, anatazama tena. Mwishoni yule bwana alichoka, akaacha hivyo hivyo."

"Kwa nini alitazama?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema mama yake hana akili ya kukaa sinema. Anakwenda kila Ijumaa, lakini muda wote anachambua kofia za watu walio mbele. Nisipomtazama usoni, alisema, atanipita. Hakutaka kumwambia kitu, unaona. Filamu ikija angemnunulia tiketi, akae kando yake anyamaze kimya, asubiri. 'Nataka nimsikie atakavyopiga ukelele,' alisema." Stan alikuwa anatabasamu. "Filamu ilipokuja hapa nilikwenda siku tatu mfululizo. Nilikuwa nageuka nyuma kwenye giza, nikidhani labda wamekuja na mama yake huku Ravenclough. Nilitaka kuusikia na mimi. Aliusikia?"

Enid alichukua picha yake, akaitia mfukoni.

"Alipotea kabla filamu haijatoka," alisema. "Novemba. Mfereji wa Hagshaw."

Stan alibaki na tabasamu lake usoni, hana pa kuliweka. Mmoja wa wacheza domino akanyanyuka bila kuulizwa, akaenda kaunta kumnunulia kinywaji.

Kesho yake asubuhi Bi Hilda alifungua mlango akiwa ameshavaa koti, kofia na glavu.

"Umeupata mtaa."

"Nimeupata. Tukae kwanza—"

"Nimekaa miaka thelathini na moja, makalio yamechoka. Utaniambia huko huko. Gari lako lina hita?"

"Lina inayopuliza baridi."

"Basi kama mume wangu. Twende."

Njiani aliongea bila kupumua, kuhusu bei ya makaa, kuhusu mkwe wake anayeosha kuku kwa sabuni. Walipoingia Mtaa wa Bethel akanyamaza. Enid alimshika mkono, akampeleka pale alipopita msichana, kati ya nguzo ya taa na kona. Bi Hilda alitazama dirisha la duara, akatazama mteremko. Hakuhitaji kuonyeshwa picha.

"Ndipo," alisema. "Haya. Nani anamkumbuka?"

Enid akamwambia. Alimwambia kama alivyokuwa akitoa ushahidi mahakamani, kwa mpangilio, bila mapambo. Bi Hilda alimsikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaanza kumhoji yeye.

"Theluji?"

"Chumvi na povu."

"Koti?"

"La kwao. Walilichukua jioni."

"Wana mataa makubwa watu wa sinema. Jua wanatengeneza."

"Taa haziwezi kuangaza mtaa mzima na paa la kanisa, Bi Hilda. Na tazama sasa. Ni saa sita. Liko wapi jua?"

Bi Hilda alitazama miguuni pake, kwenye mawe yenye unyevu, ambako hakukuwa na kivuli chochote kwa sababu kote kulikuwa kivuli.

"Mzee wako huyo wa domino. Umesema ni mwongo."

"Ni mwongo wa Krismasi. Ya Agosti yalimtoka kwa aibu."

"Wiki ile ya Agosti Doreen alikuwa kitandani. Alikuwa na jino."

"Hakuwa na jino."

"Nilimfunga skafu mwenyewe! Shavu lilikuwa..." Bi Hilda akaishia hapo. Alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka. "Nilimletea pipi ya kijiti kutoka Blackpool. Ile ngumu kama jiwe. Akaitafuna yote siku hiyo hiyo. Nikamwambia, jino lako limepona haraka, binti. Akacheka mpaka akakohoa. Nikadhani anaicheka pipi."

Ndipo Enid akamweleza lililobaki. Kwa nini alitazama. Tiketi, kiti cha kando, na kungoja.

Bi Hilda aliegemea nguzo ya taa. Mtu alitoka duka la mazulia, akawatazama, akarudi ndani.

"Ilikuja Hagshaw," alisema Bi Hilda hatimaye. "Februari ile. Frank alikuwa mdogo, akaniomba twende, Mama toka kidogo nje, wanasema ni nzuri. Nikamfokea. Nikamwambia nitakaaje gizani natazama upuuzi, dada yako akija akute mlango umefungwa?"

Bi Hilda akamshika Enid mkono wa koti.

"Sema una shaka. Polisi hamkosi shaka."

"Kuhusu filamu sina. Ilipigwa Agosti, akiwa anaishi kwako. Kuhusu mfereji, nina kiatu, mkoba na ukelele, vile vile walivyokuwa navyo wao. Lakini kitu pekee kilichokuwa upande wa pili kilikuwa hiki, na sasa hakipo."

"Hakipo," alirudia Bi Hilda.

Alivua glavu moja, akaivaa tena. Kisha akajinyoosha, akaachana na nguzo, na alipozungumza alizungumza kama mtu anayetaja adabu ndogo iliyosahauliwa na wageni.

"Dada yangu Elsie alipogongwa na tramu, konstebo alikuja nyumbani. Mama alifungua mlango, na yule kijana akavua kofia kabla hajafungua mdomo. Mama akajua pale pale. Akapiga ukelele, akalia, wiki ile akazika. Mimi walinijia mara nne, Enid. Mara ya kiatu, mara ya mkoba, mara ya kusaka, mara ya kusema wameacha. Wote walisimama mlangoni na kofia zao kichwani. Hakuna aliyeivua." Akamtazama. "Nivulie kofia."

Enid alikuwa amevaa kofia ya sufu ya kijani yenye kishada kikubwa juu, iliyofumwa na mpwa wake asiyejua kufuma. Akaivua. Nywele zikamsimama kwa baridi. Akaishika kifuani kwa mikono miwili, akakutanisha visigino.

"Bi Crompton? Mama yake Doreen?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Sajenti Rigby. Nasikitika sana kukujulisha kwamba binti yako amefariki dunia."

"Lini?"

"Novemba tano, mwaka sitini na mbili. Majini. Alikuwa peke yake."

Bi Hilda aliitikia kwa kichwa, mara moja, kisha mara kadhaa. Mdomo wake ulifanya kazi bila kutoa kitu.

"Asante kwa kuja mwenyewe, sajenti," alisema. "Usisimame hapo nje na baridi hii. Ingia ndani, nikupikie chai."

Akageuka, akafungua mkoba wake, na akaanza kutafuta ufunguo, pale mbele ya duka la mazulia, katika mji ambao hakuwa na mlango hata mmoja.